Kitanda Juu ya Magurudumu: Gari Gani Liwafaalo Wawili, au Mmoja, Pwani ya Mtwara?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Barabara itokayo Mtwara mjini kwenda Msimbati hupita Madimba, ambako gesi asilia husafishwa kabla ya kuingizwa katika bomba liendalo Dar es Salaam, kisha huteremka baina ya mikorosho na minazi mpaka udongo unapogeuka mchanga. Na hapo, karibu na geti la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ndipo dereva mwenye akili azimapo injini, ashukapo, na atazamapo matairi yake kwa makini kuliko alivyoyatazama tangu atoke mjini.

Mbele yake pana kijiji, na mbele ya kijiji pana Ruvula, ncha ya rasi inayoitazama ghuba. Njia ya kwendea huko ni mchanga mtupu, na maji yakipwa wenye magari hushuka ufukweni na kuendesha juu ya mchanga ulioshindiliwa na bahari. Ni njia ya kupendeza, lakini ina sharti lake: siku za bamvua maji hupwa mbali na hujaa juu, na baina ya kupwa na kujaa ni saa sita na dakika chache tu, hata gari lililonasa asubuhi laweza kuogeshwa na bahari kabla ya sala ya alasiri.

Sasa mfikirie mume na mke, au mtu mmoja asiye na mwenzi wa safari, aliyefika hapo na gari la kulala la namna ya Ulaya, lenye kitanda, jiko, friji, bafu na choo, uzito wake tani tatu na nusu, magurudumu ya mbele ndiyo yavutayo. Kila alichokinunua kwa ajili ya raha ndicho kimzamishacho. Jirani yake aliyekuja na kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660, chenye godoro moja na dumu mbili za maji, akinasa huomba vijana wanne wamsukume, naye huondoka.

Gari gani, basi, limfae msafiri wa pwani hii? Jawabu hutegemea zaidi pwani kuliko msafiri.

Lami imefika

Zamani swali hili halikuwapo, kwa kuwa Mtwara yenyewe ilikuwa mbali mno. Aliyetoka Dar es Salaam alingoja kivuko Rufiji, na masika yakimkuta njiani alihesabu siku, hakuhesabu saa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kikakawia sana kupata lami, lakini hatimaye kikapata. Upande wa mpaka, Daraja la Umoja la mita 720 lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, likaunganisha Tanzania na Msumbiji. Nayo barabara ya Masasi, Tunduru na Songea imekwisha kuwa ya lami, hata mtu aweza kushuka na pwani na kurudi na Nyanda za Juu bila kuikanyaga njia aliyoijia.

Kwa hiyo wamezuka wasafiri wa namna mpya: mstaafu na mkewe waliokwisha kusomesha watoto na kupokea kiinua mgongo, kijana wa Dar es Salaam aliyechoka kulala katika vyumba visivyo na dirisha, mgeni aliyetoka kusini mwa Afrika akielekea Nairobi. Wote hutaka kitu kimoja, yaani kulala pale jua lilipowachwea bila kuomba ufunguo wa mtu.

Si bidaa kubwa kama idhaniwavyo. Madereva wa malori yaletayo makaa ya mawe kutoka Ngaka, Mbinga, hadi bandari ya Mtwara, na wale wa malori ya korosho msimu ufikapo, wamekuwa wakilala juu ya magurudumu siku nyingi, kitanda kikiwa nyuma ya kiti, chandarua kikining'inia, sufuria ikichemka kivulini mwa tairi. Atakaye maarifa ya malazi ya njiani awaulize hao kwanza, kabla ya kuuliza muuza magari.

Pioneer na ngamia wa Mikindani

Pwani hii, fauka ya hayo, ina historia ndefu ya kuwadhili waliochagua chombo kikubwa mno. Mwaka 1861 David Livingstone alifika mlango wa Ruvuma na meli ya mvuke iitwayo Pioneer, akitumaini kuwa mto ule utakuwa njia ya kuingilia bara. Lakini meli ilizama majini kiasi cha futi tano, ilhali mto ulikuwa ukipungua, basi baada ya kupanda maili zipatazo 30 ikabidi irudi. Mwaka uliofuata alikuja tena, naye akapanda mto kwa mashua.

Mwaka 1866 alijaribu mara nyingine. Mlango wa mto, kwa mikoko yake na mawimbi yake, ulimkatalia, ndipo aliposhuka Mikindani mwezi Machi na msafara wa ajabu: ngamia, nyati wa kufugwa walioletwa kutoka Bara Hindi, baghala na punda, akitaka kujua ni mnyama gani atakayestahimili mbung'o. Wengi wa wanyama wale walikufa njiani, kwa mbung'o na kwa mateso ya waliowachunga, na shehena ikarudi mabegani mwa wapagazi.

> Mwaka 1861 meli iliyozama majini futi tano iliukuta mto ukipungua, ikarudi.

Sisemi kwamba mwenye gari kubwa la kulala ni Livingstone wa zama hizi. Hana hata mbung'o wa kumsingizia. Nasema tu kwamba ardhi baina ya Mikindani na Ruvuma haikubadilika sana tangu siku zile: mlango wa mto ni mikoko na tope, rasi ni mchanga, na kinachozama sana hukwama.

Vipimo kabla ya mapenzi

Magari ya kulala ya Ulaya aghalabu hujengwa juu ya Fiat Ducato, gari lenye upana wa mita 2.05, kimo cha mita mbili na nusu katika paa la kati, na urefu upatao mita 5.4 hadi mita 6.4. Sifa zake si uongo: mtu husimama wima ndani, huvaa nguo kama mwungwana, hupika mvua ikinyesha, na mwenye magoti mabovu hahitaji kutambaa kwenda kitandani. Mzee wa miaka 70 akilichagua kwa sababu hizo, nami namwelewa.

Lakini ana mambo ya kuyapima. Magurudumu ya mbele ndiyo yavutayo katika Ducato nyingi, na uzito wa kabati, tangi na kitanda umelalia nyuma, basi mchangani mbele huelea na kuzunguka bure. Tena, likiwa limejengwa kwa nchi ziendeshazo kulia, mlango wake wa pembeni uko upande wa kulia, yaani hufunguka katikati ya barabara yetu, malori yanakopita. Na likiharibika kifaa cha umeme Masasi, fundi wa chini ya mwembe, pamoja na ustadi wake wote, hatakuwa na spea ya kuvua mahali pengine. Gari hilo lilale Mikindani na Mtwara mjini, libaki juu ya lami, nalo litamfaa mwenyewe.

Upande wa pili pana Toyota HiAce, ambayo kila Mtanzania ameipanda akiwa amebanwa ubavu. Ile ndefu ya paa la kawaida, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004, ina urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo kisichofika mita mbili. Viti vya nyuma vikitolewa, godoro la futi nne kwa sita hulala kwa urefu bila kukunjwa, na pembeni hubaki ujia wa kuwekea sanduku, dumu na jiko. Husimami ndani, hukaa na kuinama. Lakini hupata tairi la akiba popote, hutengenezwa popote, na mlango wake wa kuteleza hufunguka upande wa majani, si upande wa malori.

Ila HiAce nayo ina nakisi. Nyingi huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na injini iko chini ya viti vya mbele, basi baada ya safari ya mchana kutwa sakafu ya mbele hubaki na moto mpaka usiku wa manane. Kichwa cha mlalaji na kielekee nyuma. Ziko zivutwazo na magurudumu yote manne kutoka Japani, na mwenye nia ya kufika Ruvula ana haki ya kuzitafuta. Asiyeipata aliache gari kijijini Msimbati na amalizie kwa miguu. Hakuna aibu.

Kwa msafiri mmoja, macho yangu huvutwa na jamaa wa kirikuu, yaani Suzuki Every, ndugu wa mwili mzima wa kile kigari cha mizigo kijulikanacho masokoni. Sheria ya Japani ya vigari hivi huvitaka visizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita za ujazo 660. Sehemu ya nyuma hupokea godoro la futi tatu kwa sita, na mzigo wake hufika kilo 350. Wawili hulala humo siku za fungate. Baadaye hutafuta gari jingine.

Noah haikosi wapenzi, kwa kuwa viti vyake hukunjika na petroli hailambi, lakini kitanda cha viti vilivyokunjwa kina mabonde ambayo mgongo huyajua kabla ya jicho. Ama Land Cruiser yenye hema juu ya paa, hiyo ndiyo mfalme wa mchanga, nayo bei yake ni ya kifalme. Na wapenzi wa hema la juu wakumbuke kwamba pepo za kusi hulitikisa usiku kucha, na kwamba kila ahitajiye kwenda haja saa nane za usiku hushuka ngazi gizani.

> Wawili hulala humo siku za fungate. Baadaye hutafuta gari jingine.

Kwa gari lolote, atakayeingia mchangani apunguze upepo wa matairi, achukue pampu ya kuujaza tena, na ajue saa ya maji kupwa kutoka kwa mvuvi.

Joto, chumvi na mbu

Vitabu vya magari ya kulala huandikwa na watu waogopao baridi, basi husifu kuta nene na mashine za kupashia moto. Mtwara adui ni mwingine. Mvua zake huanza aghalabu Desemba na kuishia Aprili, na majuma yatanguliayo mvua, hewa ikiwa imesimama na unyevu umejaa, ndani ya bati lililofungwa hapalaliki. Dirisha mbili zinazokabiliana, zenye wavu madhubuti, zina thamani kuliko kabati zote za mbao. Maana karibu na mikoko ya Ruvuma mbu hawana haya, na anayefungua mlango bila wavu amewakaribisha yeye mwenyewe.

Feni ndogo ya volti 12 hula wati 20 hivi, yaani usiku wa saa kumi ni wati-saa 200. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, na kwa kuilinda yafaa itumiwe nusu tu. Basi feni na taa huenea, friji ndogo huongezeka ikiwa pana paneli ya jua juu ya paa, lakini kiyoyozi cha wati 1,000 kingeimaliza nusu hiyo kabla ya saa moja kutimia. Muuzaji akiahidi kiyoyozi cha usiku kucha kwa betri moja, muagane kwa heri.

Jiko likae nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, penye godoro. Na jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa huua bila kelele. Na hapa niruhusiwe kushangaa kidogo: msafiri aliyeegesha Msimbati, hatua chache kutoka visima vya gesi iliyogunduliwa mwaka 1982, hupikia gesi ya mtungi iliyokuja nchini kwa meli, kwa kuwa ile ya chini ya miguu yake ni ya namna nyingine na safari yake ni ya bombani.

Chumvi nayo haina huruma. Gari lililopita ufukweni lioshwe chini kwa maji matamu siku ile ile, na anunuaye gari lililotumika Japani alale chini aitazame chesisi, kwa kuwa yale yaliyotumika katika mikoa ya theluji, barabara zake zikinyunyizwa chumvi, huwa yamekwisha kuanza kuoza kabla ya kuiona Bahari ya Hindi. Kivuli cha kuegesha ni cha mkorosho au mwembe. Mnazi hauna urafiki na kioo cha gari.

Wawili na mmoja si sawa

Wauzaji huwataja pamoja, lakini haja zao zina tafauti. Atembeaye peke yake, hasa mwanamke, ahitaji kuweza kutoka kitandani akakaa penye usukani bila kufungua mlango. Akisikia nyayo asizozipenda, huwasha na kuondoka. HiAce na Every humpa uwezo huo. Hema la juu na kibanda cha nyuma ya pikapu havimpi, na kwa hilo peke yake ningevitoa katika hesabu yake.

Wawili wao huhitaji nafasi ya kukosana. Siku ya mvua, ndani ya mita tatu za sakafu, mmoja hukunja kitanda ili mwenziwe avae, na neno dogo hukua. Turubai imara la kufunga ubavuni mwa gari, lenye viti viwili chini yake, huongeza maskani maradufu kwa gharama ndogo kuliko kununua gari refu zaidi. Mjerumani Gunther Holtorf alizunguka dunia na Mercedes ya 300 GD, akianzia Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya safari alikuwa na Christine, aliyekuja kuwa mkewe, wakilala juu ya godoro nyuma ya viti; Christine alifariki mwaka 2010, na safari ilipokoma mwaka 2014 gari lile lilikuwa limekwenda karibu kilomita 900,000. Halikuwa na choo wala bafu.

Choo ndicho kiwagawacho watu. Choo cha kaseti hujaa kwa siku mbili tatu, na vituo vyetu vya mafuta havina shimo la kukimwagia kama vya Ulaya. Kukimwaga ufukweni au mikokoni, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 2000 kwa ajili ya matumbawe na mazalia ya samaki, ni dhambi mbele ya sheria na mbele ya wavuvi. Koleo, ndoo yenye mfuniko na urafiki na mwenye nyumba hufanya kazi vizuri zaidi.

Mgeni na kijiji

Na hapa ndipo pana shauri zito kuliko mchanga. Mwenye gesti Mtwara ana haki ya kuuliza: mgeni ajaye na kitanda chake, maji yake na jiko lake, ameacha nini mjini isipokuwa vumbi? Mwenye gari hujibu kwamba hununua samaki, mihogo, petroli na maji, hulipa ada ya hifadhi, tena hufika vijijini ambako gesti haipo. Wote wawili wasema kweli, na gari dogo huelekea kuwapatanisha. Asiye na bafu huenda kuoga gesti kwa malipo, na asiye na friji hununua chakula kila siku kwa mama lishe.

Tena iko amani. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, na tangu hapo mtu asiyejulikana alalaye porini karibu na mpaka hawezi kushangaa akiamshwa na tochi za askari. Apigaye hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya magharibi, akaandikwa jina na kuonyeshwa pa kuegesha, hulala kwa staha. Aendaye mtoni kutazama viboko na mamba aende mchana na mwenyeji, na jioni arudi penye watu.

Msimu nao upimwe. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi sehemu kadhaa, karibu na Somanga na kwingineko, na wasafiri wakakwama njiani. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu, ingawa mikorosho hupuliziwa salfa siku hizo na vumbi lake huwasha macho ya alalaye shambani.

> Apigaye hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya magharibi hulala kwa staha.

Shauri langu halifichiki: kwa wawili, HiAce ya paa la kawaida, godoro la nne kwa sita, turubai la ubavuni na wavu dirishani, kwa mmoja, Every, na Land Cruiser kwa mwenye mfuko wa kuilipia na nia ya kweli ya kulala Ruvula. Viti vilivyotolewa visiuzwe. Vifungwe kwa nailoni, viwekwe kwa ndugu, na atakayebadilisha mwili wa gari asawazishe kadi yake TRA mapema. Kwa kuwa siku wenyewe watakapochoka na safari, HiAce iliyorudishiwa viti hupata mnunuzi wa daladala juma lile lile, wakati gari kubwa lenye bafu litasimama uani likingoja mgeni mwingine kutoka Ulaya.